Dawa ya kuchanganywa: ithibati au wembe?

Nilimsindikiza dada yangu kwenye duka moja la dawa mjini Unguja. Mwanawe ana sikoseli, ana kilo 10, na daktari kamwandikia haidroksiyurea miligramu 200 kwa siku. Dukani ipo ya kapsuli tu, miligramu 500. Msichana wa kaunta akazima feni. Akatandika karatasi nyeupe juu ya kioo, akafungua kapsuli mbili, akamwaga unga, akautenga mafungu matano kwa wembe. Kila fungu akalikunja kwenye kikaratasi, kama zamani tulivyofungiwa bizari dukani kwa Mpemba. Dawa ya siku tano hiyo.

"Dada, unapima na nini?" nikamuuliza.

"Kwa jicho, kaka. Mkono ushazoea."

Glavu hana, barakoa hana, na unga ule ni wa kuzuia seli zisigawanyike; si kitu cha kushikwa mikono mitupu wala kuvutwa puani. Feni aliizima ili unga usipeperuke. Kwa hiyo hatari anaijua, ila anaijua upande wa hasara.

Hii ndiyo dawa ya kuchanganywa: mgonjwa anatengenezewa kipimo au umbo ambalo kiwanda hakimtengenezei. Mtoto mchanga mwenye ugonjwa wa moyo anayehitaji robo ya kidonge, mzee asiyeweza kumeza, mgonjwa wa ngozi anayeandikiwa marhamu ya mchanganyiko. Wapo wanaotaka maduka yanayofanya kazi hii yawe na ithibati ya ubora, na kwa lile nililoliona siwezi kuwaambia wamekosea. Lakini namna wanavyoitaka ithibati yenyewe inanitia mashaka.

Tuanze na hoja yao, maana ina uzito. Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ZFDA, uliotokana na Sheria Namba 2 ya 2006, unasajili dawa na kutoa vibali vya maduka. Usajili unafaa kwa bidhaa ya kiwanda, yenye jina, namba ya toleo na tarehe. Kikaratasi cha dada yangu hakina hata kimoja. Leseni inasema duka limeruhusiwa kufanya kazi. Ithibati inasema mtu wa nje amekuja, ametazama mizani, amesoma daftari la kila mchanganyiko, amemuuliza mchanganyaji kasomea wapi, na ameridhika. Kati ya mambo hayo mawili ndipo wembe unapopita.

Marekani walilipa gharama kubwa kulijua hilo. Mwaka 2012 duka moja la kuchanganya dawa la Massachusetts, New England Compounding Center, lilipeleka sindano za steroidi zenye kuvu sehemu nyingi za nchi. Watu 753 katika majimbo 20 waliugua, 64 wakafariki. Duka lile lilikuwa na leseni ya jimbo lake. Ithibati ya hiari ilikuwapo kabla ya hapo, chini ya bodi iitwayo kwa kifupi PCAB, na wao hawakuwa nayo. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha sheria mpya ya kuwatenga wanaomchanganyia mgonjwa mmoja mmoja na wanaotengeneza kwa wingi. Ithibati ya PCAB imebaki hiari hadi leo, inatolewa kwa miaka mitatu, na inalipiwa.

Hapo kwenye hiari na kulipia ndipo ninapokwama. Cheti cha kulipia huenda kwa mwenye uwezo wa kulipa, na mwenye uwezo wa kulipa si lazima awe ndiye anayechanganya. Duka kubwa la mjini litakitundika ukutani karibu na picha ya Rais na kuendelea kuuza panado. Duka dogo la Micheweni, Pemba, litaambiwa usiguse kapsuli, na litatii. Halafu? Mama atarudi na kapsuli zake nzima, achukue kisu cha vitunguu, afanye kazi ile ile juu ya meza ya jikoni. Yule msichana na wembe wake walau keshafanya mara mia.

Wanaopinga husema pia kwamba masharti ya ithibati yameandikwa kwa nchi za baridi na umeme wa uhakika. Nusu ya kauli hiyo ni kisingizio. Nusu ya pili ni kweli. Kanuni ya Marekani inaipa dawa ya maji ya kunywa, iliyochanganywa bila kihifadhi, siku 14 ndani ya friji, ikiwa hakuna utafiti unaoonyesha vinginevyo. Sisi tuliokaa gizani tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa umeme wa chini ya bahari ulipoharibika, tunajua friji ni ahadi ya mtu mwengine. Na zipo nyumba ambazo hazijawahi kuwa na friji hata siku moja. Hapo kikaratasi cha unga mkavu kinaweza kuwa bora kuliko chupa ya maji, mradi kimepimwa kwa mizani.

Kuna jambo moja pande zote mbili hulipita haraka: malighafi. Kutengeneza dawa ya maji kwa mtoto mara nyingi hutaka glisirini. Glisirini sokoni Darajani ipo tele, ya kupaka mwilini. Mwaka 2022 watoto zaidi ya 60 walifariki Gambia baada ya kunywa dawa za maji za kiwandani zilizokuwa na daithilini glaikoli, sumu ya figo inayoingia kupitia viyeyusho vichafu kama glisirini mbovu. Ukiitazama huijui, na hata ladha yake ni tamu. Mchanganyaji anaweza kuwa na chumba kisafi, mizani mpya na cheti, akamwagia sumu kutoka kwenye dumu. Bila maabara ya kulipima dumu lile, na Mkemia Mkuu wa Serikali tunaye hapa hapa Zanzibar, ithibati ya chumba ni nusu ya kazi.

Kwa hiyo mie nasimama hapa: ithibati iwepo, isianzie madukani. Zanzibar ina watu 1,889,773 kwa sensa ya 2022. Haihitaji vyumba mia vya kuchanganyia dawa. Kimoja hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, na kimoja Pemba, tuseme hospitali ya Abdulla Mzee, vikaguliwe kwa ukali wote na kulipiwa na Serikali, vitume vipakiti vyenye jina la mtoto na tarehe hadi kituo cha jirani. Mjini Moshi kuna kitengo kidogo kinachotengeneza mafuta ya kukinga jua kwa watu wenye ualbino, na yanawafikia waliko. Maduka yapande ngazi taratibu, kama maabara za Afrika zinavyopewa nyota kuanzia sifuri hadi tano katika mpango wa Shirika la Afya Duniani. Nyota ya kwanza iwe rahisi: mizani, glavu, daftari.

Nikubali kasoro ya pendekezo langu. Chumba kimoja kikilala, kisiwa kizima kinalala nacho. Mzazi wa Konde hawezi kungoja gari la dawa wiki mbili, na vyumba vya Serikali vinajulikana kwa kuishiwa. Ndiyo maana sitaki duka la mtaani lipigwe marufuku kabla chumba hicho hakijaonekana kikifanya kazi.

Kwa hesabu ya miligramu 20 kwa kila kilo, mpwa wangu akifika kilo 25 kapsuli nzima itakuwa kipimo chake na wembe hautakuwa na kazi. Amebakisha kilo 15. Watoto wetu wanavyonenepa, hiyo si chini ya miaka sita.