Jina la Mkulima Liwe Kwenye Chupa

Wiki iliyopita, kwenye hoteli moja hapa Dar es Salaam, niliagiza mvinyo wa Dodoma. Mhudumu, kijana mwenye adabu zake, aliinama karibu na sikio langu kama mtu anayenisitiri. "Kaka, wa Dodoma hatuweki. Wageni hawauulizii." Mgeni nilikuwa mimi, na nilikuwa nimeuulizia. Akaniletea orodha: Afrika Kusini, Italia, Chile. Nikanywa maji. Nililala na hasira, nikaamka nayo, ndiyo maana naandika.

Mwezi mmoja kabla ya hapo nilikuwa Valais, kusini mwa Uswisi, kwa familia ya rafiki niliyesoma naye. Treni inafuata mto Rhône, milima imesimama pande zote mbili, na kwenye miteremko mizabibu imepandwa ngazi kwa ngazi, kila ngazi imezuiwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji. Ukiziunganisha kuta hizo za mkoa mzima, wenyewe wanasema, unapata takriban kilomita 3,000. Familia hii ina hekta tatu tu, tena hazikukaa pamoja. Babu alipokufa watoto waligawana, shangazi alipokufa wakagawana tena, mpaka kuna kipande chenye mistari minne ya mizabibu na jirani kila upande. Hadithi hiyo mtu wa kwetu anaielewa bila kuchorewa ramani.

Ulikuwa Oktoba, mavuno yanaendelea. Trekta halifiki kule juu, kwa hiyo makreti yanashuka kwa kigari kidogo cha injini kinachotembea juu ya reli moja. Nilivuna nao siku mbili. Siku ya tatu wakanipeleka Visperterminen, kijiji ambacho mizabibu yake inapanda hadi mita 1,150 juu ya usawa wa bahari. Wenyeji wanajivunia sana kimo hicho, na kwa Ulaya wana haki. Mimi nilisimama pale nimejikunyata kwa baridi nikiwaza kwamba mji wa Dodoma nao uko kwenye mita 1,100 na ushee. Hata mvua tunakaribiana: Sion, mji mkuu wa mkoa ule, hupata kama milimita 600 kwa mwaka, na Dodoma haiko mbali na hapo. Wao wameteremsha maji ya theluji kwa mifereji iliyochongwa ubavuni mwa mlima tangu zamani, kama Wachaga na mifongo yao. Wanavuna mara moja kwa mwaka, na usiku mmoja wa barafu mwezi Aprili unaweza kuua machipukizi yote. Sisi tunavuna mara mbili.

Jioni tulishuka kwenye chumba cha chini ya nyumba, penye matangi na mapipa. Binti wa familia ndiye fundi wa mvinyo. Mama yake, aliyeshapita miaka sabini, alikuwa mezani akibandika lebo, chupa moja baada ya nyingine, na kila lebo ina mambo mawili makubwa: jina la zabibu, Petite Arvine au Humagne Rouge au Cornalin, na jina la ukoo wao. Nilikuwa nimeshawaambia kwamba baba yangu analima zabibu Hombolo, Dodoma. Mama akaniuliza, "Na mvinyo wa baba yako unaitwaje?"

Nikamwambia baba anauza zabibu, hatengenezi mvinyo. Anamuuzia nani? Kiwanda. Na kwenye chupa wanaandika jina la nani? Nikaeleza. Hakunidharau hata kidogo. Alinyamaza, akanimiminia glasi, akarudi kwenye lebo zake. Swali lake nimesafiri nalo mpaka Dar, na kwenye ile hoteli likanirudia kwa sauti ya mhudumu.

Hoja yangu ni moja. Mkulima wa zabibu Dodoma atabaki maskini, na mvinyo wetu utabaki kudharauliwa, mpaka jina la mkulima liwe kwenye chupa.

Zabibu si mahindi. Mahindi utayaanika, utayatia kwenye gunia, utasubiri bei. Zabibu ikiiva inakupa siku chache, baada ya hapo ni nyuki na ukungu. Anayenunua anajua hilo kuliko wewe. Nikiwa darasa la sita, mnunuzi mmoja aliahidi lori siku ya Jumatatu. Likaja Jumamosi, na bei imeshuka kwa sababu "mzigo umechoka". Baba aliuza. Angefanya nini? Zabibu zilizokataliwa tulimwagia nguruwe wa jirani, na mama hakutengeneza chai ya jioni siku ile kwa sababu sukari ilikuwa inasubiri pesa ya zabibu. Hata waliojitahidi wakanunua matangi wanaishia kuuza mchuzi wa zabibu, yaani maji ya zabibu yaliyokwisha kukamuliwa, kwa mwenye kiwanda kikubwa zaidi, na mchuzi nao ukitoka getini hauna mwenyewe.

Na ubora? Watu wanalalamika mvinyo wetu ni mtamu mno, unaumiza kichwa. Mwingine ni kweli, nakubali. Lakini fikirini mkulima analipwa kwa nini. Analipwa kwa kilo. Ukilipwa kwa kilo utazaa kilo: utaacha kila kichala, utamwagilia mpaka siku ya mwisho. Kule Valais, binti yule aliniambia, mwezi Julai wanapita shambani na mikasi wanakata vichala vibichi, vizima, wanaviacha chini, ili vinavyobaki vikolee. Nilipomsimulia baba kwenye simu alinyamaza nikadhani mtandao umekatika. Halafu akasema, "Mwanangu, mimi nikikata kichala nimekata ada." Hapo ndipo kwenye tofauti yote. Yule anakata kichala kwa sababu mteja atakayekunywa mwakani ataisoma lebo, na akichukizwa anajua mlango wa kugonga. Baba hana sababu ya kukata. Hakuna anayemjua.

Najua nitaambiwa Uswisi ni Uswisi. Sawa. Serikali yao inawabeba wakulima wa milimani, wateja wana pesa, na chumba cha chini kule kinapoa chenyewe wakati Hombolo utahitaji umeme wa kupoza tangi usiku na mchana. Mvinyo mwingi unaonywewa Uswisi kwenyewe unatoka nje, na wakulima wao wanalalamika pia. Kwetu kuna leseni, kuna TBS na viwango vyake, kuna stempu za kodi, kuna ushuru wa bidhaa, na chupa zenyewe ni gharama. Yote hayo nayakubali, na bado nasema ile familia ya hekta tatu inaishi kwa zabibu, imesomesha watoto kwa zabibu, na inauza karibu kila chupa mlangoni pake au kwa watu wa mkoa wake. Mvinyo wa Uswisi unaosafirishwa nje ni asilimia moja au mbili hivi. Wanaunywa wenyewe, kwanza, kwa fahari, na mkahawa wa kijijini ukikosa mvinyo wa pale unaonekana una kasoro.

Leseni ya mtengenezaji mdogo iwe nyepesi, ushuru wake uwe tofauti na wa kiwanda. Wenye hoteli, wekeni hata chupa mbili za Dodoma kwenye orodha. Utalii wa mashambani utakuja wenyewe, Dodoma sasa ni makao makuu na wageni wapo.

Nilirudi na chupa moja ya Cornalin. Jumapili nilimpelekea baba. Hakuifungua kwanza. Aliivalia miwani, akaigeuza, akasoma lebo herufi kwa herufi.

"Huyu ndiye mwenye shamba?"

"Ndiye, baba. Na ule ukuta niliokuonyesha kwenye picha aliujenga babu yake."

Aliishika muda mrefu. Kisha akaniuliza tangi dogo la lita mia mbili ni shilingi ngapi, na kama yule binti anaweza kupokea simu ya mtu asiyejua Kifaransa. Nimesema nitatafsiri. Mavuno yanayokuja nitakuwa Hombolo, na kreti kumi za mwisho ameahidi haziendi kiwandani.