Tozo ya barabara isiyo na pa kulipia

Sina ugomvi na tozo za barabara zenyewe, kwani anayepita kwenye barabara nzuri ana wajibu wa kuichangia. Kinachonikera ni mgeni kufanywa mdaiwa kabla hajajua kwamba anadaiwa. Zamani ulifika kwenye kizuizi, ukampa karani noti, ukarudishiwa chenji na risiti, na mambo yakaishia hapo. Siku hizi kamera husoma namba ya gari huku ukiendelea na safari, na kazi ya kutafuta pa kulipia unaachiwa wewe. Kwenye kivuko cha Dartford, Uingereza, yaani daraja na mahandaki ya magari kuvukia mto Thames, vibanda vya malipo viliondolewa mwaka 2014, na dereva anatakiwa awe amelipa kabla ya saa sita usiku wa siku inayofuata. Mwenyeji anayajua hayo. Mtalii aliyekodi gari, asiye na intaneti njiani, atayajuaje?

Mimi nilijua wiki sita baada ya kurudi kutoka safarini, barua pepe ya kampuni iliyonikodisha gari iliponiarifu kwamba tayari imekata kwenye kadi yangu tozo, faini, na juu yake ada ya kushughulikia faini hiyo, ambayo ilikuwa kubwa kuliko tozo yenyewe mara kadhaa. Siku ya kukabidhiwa funguo nilionyeshwa kila mkwaruzo mlangoni na nikatia saini, lakini kuhusu tozo sikuambiwa hata neno moja. Karatasi moja ya maelekezo ingebandikwa kwenye dashibodi, ningelipa siku ileile.