Chama cha mafundi pekee au chama kikubwa? Hesabu za mafundi wa ndege Marekani

Mkataba wa mafundi wa ndege ukikwama nchini Marekani, swali la chama cha wafanyakazi huibuka upya karakanani. Wapo wanaotaka kubaki Teamsters au IAM, vyama vikubwa vinavyobeba pia madereva wa malori, wapakia mizigo na watu wa viwandani. Wengine wanaitaka AMFA, iliyoanzishwa mwaka 1962 kwa ajili ya mafundi wa ndege. Kila upande una hoja nzito, na una jambo usilopenda kulitaja.

Hoja ya AMFA huanzia kwenye sahihi. Fundi mwenye leseni ndiye anayeidhinisha ndege irudi angani, na akikosea leseni iliyo hatarini ni yake. Iweje mshahara wake ujadiliwe na chama chenye maelfu ya wapakia mizigo wa kuwaridhisha ndani ya shirika lilelile? Katika AMFA viongozi huchaguliwa na wanachama moja kwa moja, na mwanachama anaweza kukaa kama mtazamaji kwenye chumba cha majadiliano. Mafundi wa shirika la ndege la Northwest walihamia huko mwaka 1998 wakitoka IAM. Mwaka 2001, baada ya Rais George W. Bush kuunda bodi ya dharura iliyozuia mgomo, walipata mkataba wenye nyongeza kubwa.

Miaka minne baadaye kibao kiligeuka. Kampuni ilitaka kuokoa dola milioni 176 kwa mwaka kwa kundi hilo na kufuta karibu ajira 2,000. Tarehe 20 Agosti 2005 watu wapatao 4,400 waligoma, wakiwemo wasafishaji wa ndege (hata "chama cha mafundi" kina wasiokuwa mafundi, maana sheria huwaweka kapu moja). Marubani na wahudumu hawakugoma. Wanachama wa IAM, chama ambacho mafundi walikiacha mwaka 1998, waliendelea na kazi zao. Mgomo ulifungwa Novemba 2006 na wengi hawakurudi.

Wapinzani wa AMFA husema huo ndio ushahidi kwamba fani moja hugoma peke yake. Ni kweli, ila si yote. Ndege ziliendelea kuruka kwa sababu kampuni ilikuwa imeandaa mafundi wa badala mapema, na sehemu kubwa ya matengenezo mazito ilikuwa imeshapelekwa kwa makandarasi. Bendera ya chama kikubwa langoni isingerudisha kazi iliyokwisha kuhama.

Wala ukubwa hauharakishi mazungumzo. Mafundi wa shirika la United waliiacha IAM mwaka 2003 wakaenda AMFA, wakaiacha AMFA mwaka 2008 wakaenda Teamsters. Februari 2016 walikataa pendekezo la kampuni kwa asilimia 93, na mkataba ukapita Desemba mwaka huo. Katika shirika la Southwest, chini ya AMFA, tarehe ya kurekebisha mkataba ilifika Agosti 2012 na mkataba mpya ukapita Mei 2019.

Ucheleweshaji huu umo ndani ya sheria yenyewe, Sheria ya Kazi ya Reli ya 1926, iliyopanuliwa kufikia mashirika ya ndege mwaka 1936. Mkataba haufiki mwisho wa muda wake. Hufika tarehe ya kurekebishwa na masharti ya zamani yakaendelea. Hakuna mgomo mpaka Bodi ya Taifa ya Usuluhishi ione mambo yamekwama, ipendekeze suala liende kwa mwamuzi, upande mmoja ukatae, kisha siku 30 zipite. Hapo bado Rais anaweza kuingilia. Bodi haina ukomo wa muda wa kusuluhisha. Mafundi wakijaribu mgomo baridi, yaani kupunguza kasi ya kazi kwa makusudi, mahakama huwarudisha kwenye mstari: mwaka 2019 shirika la American lilipata zuio la mahakama dhidi ya muungano wa vyama vya TWU na IAM.

Anayenufaika na kungoja ni mwajiri. Chukua nyongeza ya dola 3 kwa saa: kwa saa 2,080 za mwaka ni dola 6,240 kwa fundi mmoja, na kwa miaka mitatu ya kungoja ni 18,720. "Bonasi ya kusaini" ya dola 10,000 huonekana tamu mpaka uiweke kando ya hesabu hiyo, kabla hata ya saa za ziada.

Kubadili chama katikati ya safari kuna gharama pia. Kadi za kuomba kura ya kubadili chama lazima zitoke kwa angalau nusu ya kundi zima, vituo vyote kwa pamoja, kila moja ikiwa na sahihi na tarehe kwa mwandiko wa mfanyakazi mwenyewe, isiyozidi mwaka mmoja. Kampeni nyingi hufa hapa: kadi za vituo vya mbali hufika wakati zile za kwanza zimeshapitwa na muda. Ukishinda, mkataba wa zamani unakufuata, mezani wanakaa watu wapya, na kwa kawaida miaka miwili hakuna chama kingine kitakachoruhusiwa kuomba kura.

Kwangu, basi, ukurasa wa mkataba wa kusoma kabla ya jedwali la mishahara ni kifungu cha kazi zinazoruhusiwa kupelekwa kwa makandarasi wa nje. Tazama kinapima nini. Kikisema asilimia 20 ya fedha za matengenezo, na saa ya ndani inagharimu dola 100 huku ya mkandarasi ni 50, hiyo asilimia 20 hununua theluthi moja ya saa zote za kazi. Kikomo cha saa za kazi hakina mwanya huo. Kisha angalia kilichoachwa nje ya hesabu, hasa injini zilizo chini ya dhamana ya mtengenezaji, na ni nani anayeruhusiwa kukagua vitabu vya kampuni, na kila baada ya miezi mingapi.