Rauta ya Morogoro ilivyonifungia nje

Jamani, kabla hamjaiamini ile voisi ya jamaa yangu inayozunguka kwenye magrupu: sikuunguza rauta. Nani kasema niliunguza? Rauta nzima, inapumua.

Mimi niko Dar, rauta iko tawi la Morogoro, kumevutwa laini mpya ya faiba, kwa hiyo natakiwa nibadilishe ile static route ya difolti, ya 0.0.0.0, yaani njia ambayo rauta inatupia kila kitu kinachokwenda isikokujua, iache getiwei (mlango wa kutokea) ya zamani ielekee mpya. Mistari miwili tu. Futa, andika. Bosi kasimama nyuma yangu anatafuna karanga, na mi kwa kiherehere nikamwambia "hii dakika moja tu mzee". Nikaandika no ip route 0.0.0.0 0.0.0.0 10.20.0.1, kidole kikashuka kwenye Enter taratiiibu, na kabla hakijainuka akili ndo inafika: we, si ndo njia unayopitia mwenyewe hiyo?

Nikabonyeza herufi i ya mstari wa pili. Haikutokea. Nikabonyeza tena. Kamstari kanakopepesa kwenye skrini kameganda. Nikagonga Enter, Enter, Enter, kama mtu anayepiga hodi nyumba iliyohamwa. Nyuma huko karanga zinalia kwachu, kwachu, halafu kimya. "Imekubali?" Nikamjibu inafikiria mzee.

Kwa wasio wa mambo haya, pakiti zangu, vile vipande vya data ninavyotuma, zilikuwa zinafika vizuri tu. Ila rauta bila difolti inajua mitandao iliyochomekwa kwake basi, Dar haijui ni wapi, jibu langu inalitupa. Na nyie wa "si ungeweka reload in 10", ile amri ya rauta kujiwasha upya yenyewe baada ya dakika kumi, nawaona, tulieni. Wa "ungeanza kuongeza mpya ndo ufute" msikomenti kabisa.

Nikabeba kebo ya konso, ile ya kuchomeka laptop moja kwa moja kwenye rauta, SGR, boda, nafika tawini jasho linachuruzika, nakuta watu wote wanaangalia YouTube. Eti dada wa mapokezi alichomoa waya wa rauta achomeke jagi la umeme, alivyorudisha ikawaka na konfigi (mipangilio) ya zamani maana mabadiliko sikuwa nimesevu.

"Karibu kaka, kuna tatizo?"

Nikasema hapana, nimekuja kukagua nyaya. Ikabidi nizikague kweli, moja moja, na yeye kanishikia tochi.