Ramani inajua maji yatapita wapi. Nani anazibua mtaro?

Masika ikiwa kali jijini Dar es Salaam, Barabara ya Morogoro hukatika pale Jangwani. Mto Msimbazi hufurika, mabasi ya mwendokasi husitishwa, na abiria wanaotoka Kimara kwenda Kariakoo hushushwa Magomeni wakatafute njia ya kuzunguka. Karakana ya mabasi nayo iliwekwa hapohapo bondeni. Ilijengwa miaka michache tu baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu wapatao 40 jijini na kuwaacha maelfu bila makazi. Mwendokasi ulipoanza kubeba abiria Mei 2016, mkazi yeyote wa Magomeni angeweza kukuonyesha kwa kidole maji hufika wapi.

Naanzia Jangwani kwa sababu tunaposikia habari za miji janja, tunaambiwa kwamba tatizo la miji yetu ni kukosa data. Tuwe na ramani, tuwe na vihisi vya kupima maji na hewa, kila kitu kiwekwe wazi, na jiji litajipanga. Ninayaamini sehemu kubwa ya maneno hayo, na nitaeleza kwa nini. Lakini Jangwani inanikatalia kuyaamini yote.

Mwaka 2015 ulianza mradi uliopewa jina zuri, Ramani Huria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wakazi wa kata zinazokumbwa na mafuriko, waliingia mitaani kuchora jiji. Benki ya Dunia, Msalaba Mwekundu na shirika la uchoraji ramani la Humanitarian OpenStreetMap Team walikuwa nyuma yao. Kata ya Tandale ilikwishaonja kazi ya namna hiyo mwaka 2011. Nyumba, vichochoro, visima, vivuko na mitaro vilipandishwa kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia nzima ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia na kuirekebisha bila kulipa.

Uzuri wa kazi hii unauona ukiitazama kwa karibu. Kijana anafika mlangoni na simu, mjumbe wa shina akiwa mbele kumtambulisha. Swali ni moja: mvua ile kubwa, maji yalifika wapi? Mama mwenye nyumba hataji sentimita. Anagusa goti, anafikiri kidogo, anapandisha mkono hadi kiunoni, kisha anamwonyesha kijana mstari wa tope uliobaki ukutani chini ya dirisha. Kijana anapima, anaandika, anahamia nyumba ya pili. Ukikusanya majibu ya mtaa mzima unapata kitu ambacho setilaiti haiwezi kukupa: jinsi maji yanavyopita kwenye uchochoro wa upana wa mita moja, na mtaro gani huyarudisha majumbani kwa kuwa umejaa taka.

Zamani ramani ya jiji ilikuwa karatasi kabatini, na kuipata kulitegemea unamfahamu nani ofisini. Sasa mwenyekiti wa serikali ya mtaa anaweza kuichapisha na kuibandika ukutani. Mhandisi, mwandishi wa habari na mwanafunzi wanatazama kitu kilekile, na ni vigumu zaidi kumwambia mmoja wao kwamba mtaro fulani haupo. Nairobi walipata faida ya namna hiyo kwenye usafiri. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walipanda matatu wakiwa na simu, wakarekodi njia na vituo. Watafiti wa vyuo vikuu vya Marekani, MIT na Columbia, wakashirikiana nao, na mwaka 2014 ikatoka ramani ya njia zaidi ya 130 ambazo hadi wakati huo zilikaa vichwani mwa madereva na makondakta. Kwa kuwa data iliachwa wazi, mwaka uliofuata njia hizo zikaonekana kwenye Google Maps. Zanzibar nayo, kuanzia 2016, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walirusha droni na kupiga picha visiwa kwa gharama ambayo ndege ya kawaida isingeikaribia.

Kwa hiyo anayesema data wazi ni mtindo tu wa wafadhili, simuungi mkono. Wafadhili huondoka, ramani ikabaki.

Ila inabaki ikichakaa, na hapa ndipo ugumu unapoanza. Sensa ya 2012 ilihesabu Dar es Salaam watu milioni 4.36. Ya 2022 ikahesabu milioni 5.38. Watu milioni moja zaidi ni maelfu kwa maelfu ya kuta mpya, tena nyingi ni za mabondeni, ambako kiwanja ni rahisi kununua. Mtaro uliochorwa ukiwa wazi leo unaweza kuwa chini ya msingi wa fremu ya duka. Fedha za kuchora mara ya kwanza hupatikana, maana ramani mpya huzinduliwa na kupigwa picha. Fedha za kuirudia kila mwaka, pole pole, bila uzinduzi, ndizo sizioni. Jiji linaloamini ramani iliyochakaa lina hatari kuliko jiji linalojua halina ramani.

Kuna hofu nyingine, nayo ninaiona nzito zaidi. Mtu anayekaa bondeni bila hati amelindwa kwa miaka mingi na kutoonekana. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016, bomoabomoa ilipopita Mkwajuni na maeneo mengine ya bonde la Msimbazi, nyumba ziliwekwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Sidai kwamba ramani yoyote huria ndiyo iliyochora alama zile. Nasema ramani inayoonyesha nyumba ipi hufikiwa na maji hadi kiunoni ina matumizi mawili: kumjengea mama yule mtaro, au kumwambia ahame. Baada ya mafuriko ya 2011 waathirika walipewa viwanja Mabwepande, mbali na vibarua vyao vya mjini, na wapo waliorudi bondeni. Mama aliyeonyesha kiuno chake alitoa taarifa hiyo kwa nia njema. Ana haki ya kujua itaishia mezani kwa nani.

Isitoshe, uwazi wenyewe huenda upande mmoja. Mwananchi anaulizwa ana choo cha namna gani, anajibu. Yeye akitaka kuhoji takwimu za wakubwa, mlango huwa mwembamba. Mabadiliko ya Sheria ya Takwimu ya 2018 yalifanya kuwa kosa kuchapisha takwimu zinazopingana na za serikali, hadi yaliporekebishwa 2019. Na Tanzania ilikwishajitoa mwaka 2017 katika mpango wa kimataifa wa serikali za uwazi (Open Government Partnership).

Nikipima yote haya, nabaki upande wa uwazi, kwa sharti. Data ya mahali iwe wazi: mitaro, vina vya maji, njia za mabasi, hewa tunayovuta. Data ya mtu ifungwe: jina, simu, hali ya umiliki wake. Tanzania ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2022, na wachora ramani wanapaswa kuifahamu kama wanavyofahamu simu zao.

Na mtandao wa vihisi vya bei kubwa usitangulie kazi ndogo. Kihisi kitakachotoa onyo la mafuriko kina maana kama kuna njia ya kukimbilia na mtu wa kugonga milango. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi, daraja jipya la Jangwani likiwemo. Ni hatua kubwa, na nyumba zimeondoka kuipisha. Lakini maji ya Jangwani huanzia kwenye mitaro midogo ya mitaa ya juu, ambayo hakuna mkopo wa kimataifa utakaoizibua kila baada ya miezi mitatu.

Ningependa ramani iongezwe safu moja tu. Ukigusa mtaro, uone ulisafishwa lini, ni jukumu la ofisi gani, na bajeti ya mwaka huu imetenga kiasi gani. Taarifa hizo zinapaswa kuwepo kwenye mafaili ya halmashauri. Masika huanza Machi. Januari na Februari mitaro huwa mikavu, na kijana mwenye simu anaweza kushuka hadi chini, akapima taka zimefika wapi.