Servisi ya gari kwenye gereji ya kampuni: risiti ndefu, kazi fupi

Jamani, injini ya 1NZ-FE kwenye Toyota IST inakula oili lita 3.7 pamoja na filta. Hizo lita 5 kwenye risiti kazinywa nani, mlinzi? "Air klina mpya." Fungua boksi lake: vumbi la mwaka juzi linakuamkia shikamoo! Plagi za iridiamu, za kufika kilomita 100,000, zinang'olewa kwenye 20,000. Za zamani ziko wapi? Kimya. Na anayejaza ATF ya kawaida, oili ya gia za otomatiki, kwenye gia ya CVT, ile otomatiki inayoendeshwa kwa mkanda, hadi mkanda wa chuma uanze kuteleza, ni fundi au adui? Ukihoji: "Bosi, kompyuta ndiyo imesema." Kompyuta ndiyo iliyorudisha wosha kuukuu kwenye nati ya kumwagia oili? Chora filta alama kabla ya kuacha ufunguo, na dai spea za zamani mkononi. Watakuita mjuaji. Itika.