Plastiki kuwa gesi: kazi iko kabla na baada ya tanuri

Kilo moja ya polithini, ile ya mifuko laini, ina nishati inayokaribia ya kilo moja ya dizeli na inayopita mara mbili ile ya kuni kavu. Si ajabu, maana plastiki nyingi ni zao la mafuta na gesi asilia. Anayeziita taka hizi mafuta yaliyotupwa hakosei.

Tanuri ya kugeuza plastiki kuwa gesi huwa na joto la nyuzi 700 au zaidi, na hewa huingizwa kidogo tu ili plastiki isiungue yote. Gesi zinazowaka zinazotoka ni pamoja na kaboni monoksidi na haidrojeni, za kuwashia jiko au kuendeshea jenereta. Ukilinganisha na kuichoma plastiki shimoni, moshi mweusi ukitanda, tanuri iliyotengenezwa vizuri inashinda. Hapo sibishani na mtu.

Ubishi wangu unaanzia mlangoni. Plastiki haishuki kama kuni. Inayeyuka, inanata, inaziba koo la tanuri, ndiyo maana mara nyingi huchanganywa na vipande vya mbao. Halafu kuna PVC, ile ya mabomba na nyaya za umeme. Ikiwa tupu, zaidi ya nusu ya uzito wake ni klorini, ambayo hugeuka tindikali ya kula chuma, na gesi ikipoa polepole huweza kuzaa dioksini, sumu kali. Nani atachambua gunia zima kwa mkono, na kwa malipo gani?

Upande wa kutokea kuna lami, mvuke mzito unaotoka pamoja na gesi. Gesi ikipoa, lami hiyo inaganda kwenye mabomba na vali za injini. Kiwanda kikubwa kina vichujio na vipima gesi. Tanuri ya pipa inategemea pua ya fundi, na kaboni monoksidi, ambayo ni sumu, haina harufu.

Watetezi husema gesi hii inaokoa dizeli. Sawa, ikiwa dizeli kweli imepungua, kwa sababu kilo ya polithini ikiteketea hutoa takriban kilo 3 za hewa ukaa.

Kinachonikwaza zaidi ni hiki: plastiki safi, ya aina moja, inayoifaa tanuri ndiyo hiyo hiyo anayoitaka mrejelezaji. Nafasi inayobaki ni ya mifuko michafu iliyochanika, isiyo na mnunuzi wala klorini. Kwa hiyo mtambo mdogo wa mifuko hiyo, wenye kichujio na kipima gesi, ningeuunga mkono. Ule unaotangazwa kwamba unakula taka zote, ningeupita.